Maji Maangavu ni Kazi ya Mvivu

Pita kwenye mitaa yenye nafasi ya bustani, iwe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, uchungulie mabwawa ya samaki wa mapambo. Utaona jambo lisilo na haki hata kidogo: bwawa la mchapakazi ndilo linalogeuka mlenda. Yeye ndiye anayelisha samaki asubuhi, mchana na jioni. Yeye ndiye anayemwaga maji yote Jumamosi na kujaza mengine, anayesugua mawe kwa brashi mpaka yang'ae, anayenunua dawa ya kila fundi anayebisha hodi. Ikifika Jumatano, maji ni ya kijani tena. Kwa jirani yake, ambaye hata hakumbuki kopo la chakula cha samaki aliliweka wapi, magamba ya samaki yanahesabika. Watu humwita huyo jirani mtu wa bahati. Mimi nadai hana bahati yoyote. Ana uvivu tu, na sayansi iko upande wake.

Maji ya kijani si uchafu uliotoka nje. Ni mwani, viumbe vidogo vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kama ilivyo kwa mchicha au mahindi, unataka jua, joto na mbolea. Jua na joto huku kwetu havina likizo. Mwani wa Ulaya hulala majira ya baridi. Wa karibu na ikweta hupata mwanga wa takriban saa 12 kwa siku, Januari hadi Desemba, na halipishwi mtu. Kinachobaki ni mbolea, na hiyo lazima iletwe. Mwaka 1973 watafiti wa kundi la David Schindler, huko Ontario nchini Kanada, walilikata katikati ziwa moja dogo kwa pazia la plastiki. Ziwa lenyewe linajulikana kwa namba tu, 226. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili wakatia hivyo hivyo, wakaongeza fosforasi. Upande wa fosforasi ukawa kijani, na picha iliyopigwa kutoka angani ikaonyesha mpaka wa lile pazia waziwazi, huku ng'ambo ya pili maji yakiwa hayajabadilika. Siku hizo watengenezaji wa sabuni zenye fosfeti walikuwa wakishikilia kwamba mkosaji ni kaboni. Baada ya picha ile, kushikilia kukawa kugumu. Tena mwani hauhitaji fosforasi nyingi: kwa wastani atomu moja inautosha kwa kila atomu 106 za kaboni zinazojenga mwili wake. Kidogo unachodondosha kinafika mbali.

Sasa mtazame mchapakazi na kopo lake. Vyakula vingi vya samaki vina unga wa dagaa, na mifupa ya dagaa imejaa fosforasi. Samaki akila, sehemu inakuwa nyama yake. Iliyobaki inatoka, nyingine kwa kinyesi, nyingine kwa matamvua ikiwa amonia, ambayo bakteria huigeuza nitriti kisha nitrati. Chakula kisicholiwa kinazama na kuoza. Hakuna kinachopotea. Kila konzi inayorushwa kwa mapenzi ni konzi ya mbolea, ila imepitishwa kwanza tumboni mwa mnyama. Na asidhani kwamba anapumzika siku ambayo hakulisha: kwenye mteremko juu ya bwawa ana mawaridi aliyoyatilia DAP, yenye asilimia 18 ya nitrojeni na asilimia 46 ya fosfeti, na mvua ya kwanza ya masika inajua njia ya kuteremka.

Atakayebisha na amwulize mfugaji wa perege, maana yeye anautafuta huo ukijani kwa jasho. Kabla hajaweka vifaranga, hujaza samadi ya ng'ombe au ya kuku ndani ya gunia, akaliloweka pembeni mwa bwawa na kulitikisa mara kwa mara, mpaka maji yageuke kijani, kwa kuwa perege hula humo humo. Kipimo chake ni mkono. Anauzamisha mpaka kwenye kiwiko, na asipokiona kiganja, mbolea imetosha, asiongeze. Kasisi Angelo Secchi alipima uangavu wa Bahari ya Mediterania mwaka 1865 kwa kisahani cheupe kilichofungwa kamba, na kisahani hicho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Mkono wa mfugaji wetu unafanya kazi ile ile na haujapewa jina la mtu yeyote. Ninachotaka kionekane hapa ni kwamba mfugaji na mwenye bustani wanafanya kazi moja. Tofauti ni kwamba mmoja anajua anachokifanya na anauza samaki, na mwingine ananunua dawa.

Dawa hizo zina watetezi, na si haki kuwapuuza. Mrututu unaua mwani kweli. Lakini mwani uliokufa huoza, na kuoza kunakula oksijeni. Alfajiri utawakuta samaki juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Shaba iliyomo kwenye mrututu ni sumu kwao pia, hasa maji yakiwa na madini machache. Halafu ile mbolea iliyokuwa imefungwa ndani ya mwani imerudi majini, inangoja kizazi kijacho. Umewafukuza wageni na karamu umeiacha mezani. Taa ya mionzi ya urujuanimno ni ya kiungwana zaidi, lakini inapata tu mwani unaoelea na kupita kwenye bomba lake. Ule wa nyuzi ulioshikilia mawe unaitazama kwa mbali. Waingereza hutupia mabua ya shayiri yaoze polepole majini, na matokeo yake hayatabiriki, pengine yanafaa, pengine ni mabua tu.

Wenye pampu na chujio wana hoja nzito kidogo. Chujio linanasa taka, ni kweli, lakini kunasa si kutoa: tope lililokaa kwenye sponji bado liko ndani ya maji yale yale, likiendelea kuyeyuka, mpaka mtu alitoe. Naye mchapakazi akilitoa, analisafisha sponji chini ya bomba mpaka linanukia klorini, na hapo ameua bakteria waliokuwa wakimfanyia kazi bure. Alisuuze kwa ndoo ya maji ya bwawa lenyewe, inatosha. Kubadilisha maji yote ni kosa la aina hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa. Bwawa jipya, kwa kawaida, huwa la kijani wiki za mwanzo kwa sababu bakteria na mimea havijakaa sawa. Likiachwa, mara nyingi hutulia lenyewe. Anayelimwaga kila Jumamosi ana bwawa la umri wa wiki moja maisha yake yote. Bili ya maji sisemi.

Wapo watakaosema kwamba kupunguza chakula ni ukatili, maana samaki wenyewe wanakuja kuomba. Wanakuja, naam; samaki wa dhahabu na koi wanaujifunza upesi mwendo wa anayewalisha, na watamwomba hata kama wameshiba tangu jana. Samaki hajipashi joto mwili kama sisi, kwa hiyo chakula chake ni kidogo kuliko huruma yetu. Mpe anachokimaliza kwa dakika chache, kisha ondoka na kopo. Na yule anayeogopa kwamba bwawa lisilohangaikiwa litakuwa shamba la mbu ana haki ya kuogopa, kwa sababu malaria si mzaha. Ila jibu lake liko kwa hao hao samaki: viluwiluwi vya mbu ni chakula chao, na samaki aliyevimbiwa kwa chakula cha dukani hana sababu ya kuvikimbiza.

Kuhusu kivuli sina ubishi na mtu. Yungiyungi likitandaza majani nusu ya uso wa maji au zaidi, mwani unakosa jua na mbolea kwa pamoja, na aina ya buluu inayobeba jina la Zanzibar inapendeza kuliko dawa yoyote ya dukani. Kuna mjanja atakayeuliza kwa nini asiweke gugu maji, ambalo linakula mbolea kwa pupa kuliko yungiyungi. Linakula, na halijui kushiba: Ziwa Viktoria linalijua tangu mwisho wa miaka ya 1980, na meli na mitumbwi ya Kisumu na Mwanza vimekwama humo mara nyingi. Mmea ulioshinda nchi tatu usiuletee bustani ya mita kumi.

Kazi moja tu naikubali, nayo ni ya kutoa. Mwani wa nyuzi unazungushwa kwenye kijiti na kuvutwa. Majani ya yungiyungi yanayogeuka manjano yanakatwa kabla hayajazama, na tope la chini linachotwa kidogo kidogo, si lote siku moja. Vyote vipelekwe kwenye migomba, ambayo haitalalamika juu ya fosforasi. Ni kazi ya nusu saa, tena si kila wiki, na najua mchapakazi ataona ni kejeli. Kama bado mikono inamwasha, kuna mfugaji wa perege mahali fulani anayetafuta mtu wa kutikisa gunia.