Sifa za Beseni la Mtoto

Tuhuma zake zinajulikana. Halikunjiki. Halina zipu, halina mshikio, halina magurudumu. Ndani ya sanduku haliingii, na ukilibandika juu ya sanduku halitulii. Njia nzima linabeba hewa. Ndiyo maana usiku wa kuamkia safari ya kwanza ya mapumziko na mtoto, sebule ikiwa imejaa mizigo mpaka mlangoni, baba hulitazama beseni la plastiki la kuogeshea mtoto, la rangi ya waridi, lenye picha ya samaki iliyoanza kubanduka, kisha hutoa hukumu: “Mama, hili tuliache. Huko tunakokwenda hawakosi beseni.”

Mimi nasimama kulitetea. Na kulitetea hakunitoshi: nitalisifu, tena kwa tuhuma hizo hizo.

Tuchukue safari yenyewe. Dar es Salaam hadi Lushoto, mwezi wa Desemba, mtoto ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Watazameni wenzake beseni walioruhusiwa kwenda bila kesi. Yapo masweta na kofia za sufu, kwa kuwa Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na bibi ameshapiga simu kuhusu baridi, akapiga tena kuhusu upepo, akapiga tena kuuliza kama mtoto atapakwa wanja. Kipo chandarua. Ipo kadi ya kliniki, zipo pakiti za ORS, unga wa lishe, chupa ya chai, mbeleko, mbeleko ya akiba, na pampasi za kutosha kijiji kizima. Vyote hivyo vinabebwa kwa ajili ya jambo ambalo huenda likatokea. Ukilifungua begi la mtoto wa kwanza unaikuta hofu ya wazazi wake, imekunjwa vizuri na kupangwa kwa safu.

Beseni halibebwi kwa hofu. Kesho asubuhi mtoto ataoga, mvua inyeshe isinyeshe. Na ataogea wapi? Gesti ina bomba la mvua, linalotoa maji ya baridi kwa kishindo. Mjaribishie mtoto wa miezi saba uone kama wapangaji wa vyumba vya jirani watalala. Ndoo ipo pia, inakaa pembeni ya choo, na historia yake ni bora usiiulize. Wenye nyumba ni wakarimu, watachemsha maji na kuyaleta mlangoni, lakini maji ya moto yanahitaji mahali pa kuchanganyiwa na ya baridi, pana kiasi cha mama kutumbukiza kiwiko na kuridhika. Hapo ndipo ile hewa iliyosafirishwa kutoka Dar inapojulikana ilikuwa ya nini. Ilikuwa inashika nafasi ya maji.

Kwa cheo pia, beseni linawatangulia wote. Mama anapokwenda kujifungua hujifungasha kanga, pamba, glavu na wembe, na mara nyingi beseni limo kwenye huo mzigo. Lilifika hospitali mtoto akiwa bado tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zitimie angalau saa 24 tangu azaliwe, basi nalo likasubiri uvunguni mwa kitanda, bila kunung’unika, zamu yake ifike. Sanduku la magurudumu lilinunuliwa wiki iliyopita. Lina haki gani ya kumhukumu mkubwa wake?

Halafu liko suala la vitu vilivyolowa, ambalo wazazi wenye staha hawalizungumzi mbele za watu. Zamani tulikuwa na ile mifuko laini ya plastiki tuliyoiita rambo. Nepi chafu, bibu lenye uji, suruali iliyofikwa na msiba, vyote viliingia kwenye rambo, rambo likafungwa fundo, siri ikabaki ya familia. Tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania, na kwa heri, maana ilikuwa imeziba mitaro yetu yote. Lakini siri za mtoto hazikupigwa marufuku. Nani amezirithi? Mfuko mbadala ule unaopitisha maji? Sanduku lenye bitana? Beseni limezipokea, likafunikwa kanga, na likaendelea na safari.

Sasa twende stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla hakujapambazuka. Desemba barabara ya kaskazini ni ya wana wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Abiria wa Lushoto wanabanana nao njia moja mpaka Mombo. Buti zimejaa, vichochoro vimejaa, konda hasikii la mtu. Katikati ya fujo hiyo anatokea baba mwenye beseni la waridi. Alilionea aibu tangu kwenye bajaji. Ghafla konda anapaza sauti: “Jamani, mpisheni, ana mtoto huyo!” Mtoto mwenyewe hajaonekana, kafunikwa kwenye mbeleko na kalala. Kilichoonekana ni beseni. Kijana anasogea, mama mmoja wa makamo anapokea kikapu bila kuombwa, na dirisha linafungwa kabla upepo haujatajwa. Hakuna kitambulisho kinachofanya kazi hiyo. Kama lingekunjika likafichika, hadhi ya baba ingehifadhika, na mama angesimama mpaka Chalinze.

Ukiacha barabara kuu pale Mombo, mlima unaanza. Ni kilomita kama 33 za kona, upande mmoja jabali, upande wa pili bonde, na dereva anayeijua njia kuliko unavyopenda aijue. Mtoto aliyekunywa uji Korogwe huanza kubadilika rangi. Wasafiri wenye uzoefu wanajua kinachofuata. Kwa wakati huo sanduku la magurudumu liko gizani kwenye buti, limelaliwa na gunia la mchele wa watu. Beseni, kwa sababu ya ubaya wake wa kutopangika, limekataliwa kwenye buti na liko mapajani mwa baba. Haliwezi kuwa karibu zaidi ya hapo. Naomba wasomaji walio mezani waniwie radhi, nisimalizie.

Lina udhaifu, sikatai. Fumo Liyongo, aliyetungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakudhuriwa na mkuki wala mshale, akauawa na sindano ya shaba kitovuni. Beseni nalo huvumilia mateke, jua na vishindo vya barabara, kisha likafa kwa ufa mwembamba uliotokea papo hapo kitovuni, ukavujisha maji chumba kizima. Tofauti ni kwamba shujaa hakuzibika. Beseni linachomwa kwa kisu cha moto, kovu linabaki, na jioni mtoto anaoga.

Wakati wa kurudi, sanduku linarudi na nguo chafu, kama lilivyotarajiwa. Beseni linarudi limejaa plamu na peasi za Lushoto, na halina deni la kueleza lilikwenda kufanya nini.

Nasikia siku hizi lipo beseni la kukunja. Linabonyea likawa bapa kama sinia, linaingia sandukuni, zipu inafungwa, na hakuna abiria atakayejua mna mtoto. Wanaolitaka walinunue. Wakifika kona ya tatu juu ya Mombo, sanduku likiwa kwenye buti chini ya lile gunia, wamwombe dereva asimamishe basi walitoe.