Namna ya Kupaua Boma la Wenzako

Vitunguu vya Mang'ola vimelipa misimu mitatu mfululizo, trekta la pili halina tena deni benki, na kule Karatu mjini mna nyumba ya wageni ambayo kila dereva wa utalii anaijua. Sasa mama watoto, aliyetoka semina juzi, anasema umefika wakati wa "kurudisha kwa jamii". Msiogope. Jambo hili linawezekana bila kupungukiwa sana.

Kikao cha familia kifanyike sebuleni. Jikoni hapana, maana huko yuko shangazi, na shangazi anajua kwa majina ni nani hapa Endabash alilala njaa jana. Taarifa za namna hiyo huvuruga mipango mapema.

Kikao kianze na neno mfadhili. Huku kwetu mfadhili hutoka mbali. Mgeni aliyekuwa anakwenda Ngorongoro akiacha kalamu hamsini shuleni, anaimbiwa na wanafunzi wote. Wewe ukimlipia ada mtoto wa kaka yako miaka minne, hakuna wimbo: unaitwa baba mdogo, na Januari unatafutwa tena. Dawa yake ni kuanzisha taasisi. Andikisheni asasi kwa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, au nendeni RITA mkasajili bodi ya wadhamini: mume, mke, na kijana wenu aliyesoma Dar awe katibu mtendaji. Tangu siku hiyo mtoto wa kaka akija mlangoni, mnamwambia kwa upole aandike barua kwa taasisi.

Kuhusu kiasi, mwulizeni mhasibu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa upunguzwe kwenye hesabu ya kodi, mradi usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kwa hiyo ukarimu una kipimo, tena cha kisheria. Mhasibu akihoji ni asilimia 2 ya mapato gani, ilhali mwaka jana mlitangaza hasara, agizeni chai. Na kijana asiwatajie Mohammed Dewji, ambaye mwaka 2016 aliahidi kutoa angalau nusu ya mali yake. Mifano ya watu wa Dar haifai kwa hali ya hewa ya Karatu.

Sasa mradi, na hapa ndipo penye ufundi. Tafuteni boma. Namaanisha lile la shule au zahanati: wanaume walisomba mawe na mchanga, akina mama wakabeba maji kichwani, kuta zikafika kwenye lenta, fedha zikaisha. Mvua imelinyeshea, mbuzi wamelizoea. Nyinyi leteni mbao, misumari na bati. Bati huonekana kutoka barabarani, na anayepaua ndiye anayeandikwa ukutani. Waliobeba maji ni wengi mno kuenea kwenye kibao.

Kamati ya shule ikinong'ona kwamba shida hasa ni choo na nyumba ya mwalimu, itikieni kwa kichwa. Tundu la choo halina mahali pa kubandika jina. Madawati nayo yalipitwa na wakati: mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na madarasa yakafurika, nchi nzima ilishikwa na homa ya madawati, na kila mwenye uwezo alishapiga picha na lake.

Wala msichelewe. Tajiri Tharia Topan alianza kujenga hospitali Unguja mwaka 1887, kwa heshima ya Malkia Victoria, ambaye hakuwahi kuja kuugulia huko. Mwenyewe alifariki mwaka 1891 ujenzi haujaisha, na mwaka 1900 jengo likauzwa. Roshani zake zenye nakshi bado zinapigwa picha. Mnaona: nakshi hudumu kuliko wodi.

Uzinduzi usiwe Aprili. Udongo wetu mwekundu ukilowa hautambui itifaki, na gari la mgeni rasmi litasukumwa na vijana ambao baadaye watataka soda. Soda hizo ziandikwe kwenye gharama za mradi. Kodini turubai na kipaza sauti, na mfano wa hundi uwe mkubwa kiasi cha kushikwa na watu wanne. Hundi yenyewe inaweza kufuata.

Limebaki jambo moja la kujihadhari nalo, nalo ni wazee. Mwiraqw wa zamani mwenye ng'ombe wengi hakuwafuga wote zizini kwake. Alimpelekea jirani asiye na kitu: maziwa yako, samadi ya shamba yako, ndama wangu. Ugonjwa ukipiga bonde moja, kundi la bonde jingine hupona. Na aliyetaka kuhesabu mali ya mtu hakujua aanzie boma lipi. Kibao hakikuwepo wala mgeni rasmi, jambo linaloonyesha jinsi wazee walivyokosa mkakati.

Kwa hiyo msishangae siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akiwa ndiyo kwanza ameshika mkasi wa utepe, mzee mmoja akiwavuta pembeni.

"Mwanangu, yule ng'ombe wa babu yako aliyekuwa kwetu amezaa mpaka vijukuu. Tuwaswage lini?"

Mwambieni aandike barua kwa taasisi.