Sifa za "Nice"

Wenye kusifu lulu na wasifu. Mimi leo nalisifu nice, kivumishi cha Kiingereza ambacho walimu wa insha hukikata bila huruma. Nalisifu kwa kuwa halibebi kitu, na asiye na mzigo hakosi nafasi garini.

Asili yake ni ujinga mtupu, wala si tusi: limetokana na nescius, neno la Kilatini la kumwita asiyejua. Likapitia kwa Wafaransa, likaingia Uingereza katika Zama za Kati likiwa na maana ya mpumbavu. Kutoka hapo likaingia uhuni, likaacha uhuni likashika haya, likawa la watu wenye kuchagua-chagua chakula, kisha likasomea usahihi. Hata leo nice distinction ni tofauti nyembamba ya kuonwa na macho makali tu. Karne ya 18 ndipo lilipotulia kwenye kupendeza, likanenepa. Nani katika ukoo wenu amepanda cheo hivyo kwa kuanzia upumbavu? (Msinijibu.)

Maadui halikukosa. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine Morland kwa kulitumia ovyo. Mwaka 1926 H. W. Fowler, bingwa wa matumizi ya Kiingereza, akalalamika kwamba wanawake wamelipenda hadi limepoteza sura. Fowler amekwisha kufa, neno lipo.

Tena halina makuu. Zuri letu husumbuka kubadili vazi kila mlangoni: mtu mzuri, kiti kizuri, maua mazuri, nguo nzuri. Nice huingia kama lilivyo kwa chai, kwa mvua iliyokatika, kwa shemeji mpya. Glasi ikivunjika sakafuni, Mwingereza hutamka nice kwa sauti ya chini, na kila mtu akajua amekasirika. Neno moja, pongezi na lawama, bila kuongezwa hata herufi.

Lakini fadhila yake kuu ni kuokoa urafiki. Ukilitamka, hujasema uongo, na ukweli pia hujausema. Kwa hiyo, msomaji, rafiki yako Mwingereza akikuuliza umeionaje riwaya yake, nawe uliishia ukurasa wa pili, jibu unalo.