Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Mtambueni dalali wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji,
Kampala.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Lobule, wilaya ya Koboko, pembe ya nchi ambako ukipotea njia kidogo uko Congo, ukipotea sana uko Sudan Kusini. Nakuandikia kwa niaba ya mtumishi hodari wa wizara yako ambaye wizara yako haimjui. Hana ofisi, hana mshahara, hana muhuri. Kiti chake ni pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwembe, faili lake ni simu iliyopasuka kioo, na saa zake za kazi ni zote. Hakuna ploti inayohama mkono baina ya Arua na Oraba bila yeye kujua, na mara nyingi hujua kabla ya mwenye ploti. Namsemea dalali.

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 237, inatambua njia nne za kumiliki ardhi: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo na ya ukodishaji. Naomba kwa heshima muongeze ya tano, maana ipo na inafanya kazi kuliko zote nne: umiliki wa dalali. Ardhi ya namna hiyo hainunuliwi wala hairithiwi. Huanza pale mtu anapotamka neno “nauza”, na hukoma pale dalali anapohesabu pesa zake na kuzirudia kuzihesabu. Katikati hapo mwenye nyumba ni mgeni wake tu, tena mgeni anayeombwa asiongee sana wateja wakija.

Wala wazo si geni. Mwaka 1975 Idi Amin, ambaye huku Koboko tunamhesabu wa kwetu, alitoa amri iliyofanya ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma. Miaka 20 baadaye Katiba ikairudisha kwa wananchi. Wote walisikia tangazo hilo isipokuwa dalali, ambaye mpaka leo anaitii ile amri ya 1975 kwa moyo mweupe.

Nikueleze niliyoyaona. Nina nyumba pembezoni mwa mji wa Koboko: vyumba vitatu na sebule, matofali ya kuchoma niliyofyatua mwenyewe, mabati ambayo bado hayajaanza kutu. Nilitaka kuiuza nirudi Lobule kulima. Usiku tulishauriana na mama watoto kwa sauti ya chini. Asubuhi dalali alikuwa mlangoni. “Shikamoo mzee. Nimesikia.” Hakusema amesikia nini, wala kutoka kwa nani. Akavua kofia, akaitazama nyumba kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyecheleweshwa kuletwa, akatikisa kichwa.

Nilimwambia nataka shilingi milioni 60. Akacheka kidogo, cheko la huruma. “Mzee, soko limelala. Wenye dola wamerudi Juba. Milioni 45, tena kwa kuwa ni wewe.” Upande wa pili, kama nilivyokuja kufahamu, mnunuzi aliambiwa hivi: “Mwenye nyumba ni mkaidi, hashuki chini ya milioni 70.” Kwa hiyo, Mheshimiwa, nyumba moja, siku moja, ilikuwa na soko lililolala huku kwangu na soko lililochachamaa kule kwa mwenzangu, na katikati milioni 25 zimekaa zinasubiri mwenyewe. Hicho ndicho watu wanachokiita cha juu. Sasa juu ya cha juu aweke kumi kwa mia atakayonikata mimi kwa jasho lake, yaani milioni nne na nusu. Jumla milioni 29 na nusu, bila kuhesabu pesa ya kuona ambayo mnunuzi hulipa kila anapofunguliwa geti, wala pesa ya mafuta ninayolipa mimi ili geti lifunguliwe. Ningebaki na milioni 40 na nusu, mimi niliyefyatua matofali.

Serikali yako, yenye jeshi, magereza na Mamlaka ya Mapato, ikisajili uhamisho wa ardhi inatoza ushuru wa stempu wa asilimia moja na nusu ya thamani. Kwa milioni 70 hiyo ni milioni moja na elfu hamsini. Na bado watu wanailalamikia, wanaikwepa, wanaandika thamani ya uongo. Dalali anatoza zaidi ya theluthi moja, watu wanamshukuru na kumwagizia soda. Kama Wizara ya Fedha inatafuta mtu wa kuifundisha ukusanyaji wa mapato, chuo kiko chini ya mwembe.

Upimaji pia anaujua. Ninyi mnatuma mpima ardhi aliyesajiliwa, na vyombo vya miguu mitatu, na mawe ya mpaka yenye namba. Dalali anapima kwa hatua zake, na hatua zake hufuata masikio ya aliye karibu. Mbele yangu kiwanja kilikuwa ploti mbili za hamsini kwa mia, tena “zenye upungufu”. Mbele ya mnunuzi, kiwanja kilekile, ilitokea ploti ya tatu upande wa choo. Jirani aliyekuwa akichuma kisamvu hapo hakuarifiwa kwamba amehamishwa.

Msidhani hilo la mipaka ni la kuchekesha tu. Amin alipoangushwa mwaka 1979 watu wa West Nile, pembe yetu hii ya nchi, tulikimbilia Congo na Sudan kwa maelfu. Tuliporudi miaka ya themanini, mipaka ilikuwa imemezwa na majani, ikabaki vichwani mwa wazee: huu ni mti wa fulani, hapa ndipo babu alipochimba shimo. Ardhi ya kimila huku imeandikwa kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ina umri. Mwanya huo dalali anauelewa kuliko bodi yoyote. Ana mzee wa kushuhudia kila mpaka, na mzee mmoja anaweza kushuhudia mipaka ya koo tatu kabla ya chakula cha mchana, ilimradi chakula kiwepo.

Matangazo yake ndiyo yanayonipendeza zaidi. “Iko karibu na lami.” Mheshimiwa anaijua lami hiyo: inatoka Vurra mpakani na Congo, inapita Arua na Koboko, inafika Oraba mpakani na Sudan Kusini, kilomita 92. Kwa hesabu ya dalali, nyumba yoyote iliyo West Nile iko karibu nayo. “Umeme uko mlangoni”: nguzo ipo ng’ambo ya bonde, na ukisimama mlangoni unaiona. “Majirani watulivu.” Hapo hakudanganya, kwa sababu upande wa mashariki wa nyumba yangu kuna kaburi la shangazi.

Hili la kaburi nakuomba ulisome polepole. Kwetu wafu tunawazika nyumbani, si mahali pengine. Wazee wa ukoo walikubali niuze kwa sharti moja: kaburi lisiguswe, na siku ya kumkumbuka marehemu ndugu waruhusiwe kuingia. Nilimweleza dalali. Akaitikia, akaandika kwenye simu, akaniita mzee wa busara. Siku ya pili nilikuwa nyuma ya jiko akimtembeza mteja, nikamsikia: “Na hapa, boss, ni msingi wa tangi la maji. Zege tupu. Wewe unaweka tangi tu.” Mteja akagonga zege kwa kiatu, akaridhika na uimara wake.

Kuhusu mke, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 na marekebisho yake inasema makazi ya familia hayauzwi bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Dalali anaiheshimu sheria hiyo kabisa. Aliniuliza kama mama watoto atakuwa na nafasi siku ya kutia sahihi, kwa sababu kama hana, yeye anaweza kuleta mama mwingine. Mama watoto alikuwa anapepeta mihogo mikavu hapohapo. Sitaeleza alichojibu, barua hii inakwenda kwa kiongozi.

Tukafika siku ya agrimenti, barazani kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mpaka siku hiyo sikuwahi kuongea na mnunuzi. Dalali alinieleza kwamba ni mtu wa Sudan Kusini, anajua Kiarabu cha Juba tu, na kwamba kuongea naye moja kwa moja kutaharibu bei. Mnunuzi naye alielezwa kwamba mimi najua Kiswahili tu, na ni mkali. Kwa hiyo dalali alikuwa amebeba maneno yetu huku na huko kwenye pikipiki, kila neno likilipa nauli. Mnunuzi akashuka kwenye gari, akaondoa kofia, akamwamkia mwenyekiti kwa Kikakwa. Kikakwa cha Yei, kule Sudan Kusini, kilichonyooka, cha mtu aliyelelewa na bibi. Nikamwitikia kwa Kikakwa. Kimya kidogo kikapita. Sisi Wakakwa tuko nchi tatu kwa sababu ya kalamu ya wakoloni, lakini ulimi ni mmoja, na ulimi huo ulitutosha. Tuliulizana ukoo, tukaulizana mama, kisha tukaulizana bei.

Dalali hakutahayari. Wakati huohuo alipigiwa simu, ingawa simu haikulia, akaenda kuisikilizia mbali sana. Baadaye alituma kijana kudai pesa ya mafuta.

Nyumba haikuuzwa hata hivyo, na hapo pia dalali alikuwa ametangulia. Sheria inamruhusu asiye raia kupata ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Ndugu yangu wa Yei hakuambiwa hilo. Kwenye agrimenti jina la mnunuzi lilikuwa la binamu wa dalali, raia halali wa Uganda, mkazi wa Koboko, mtu ambaye hata pikipiki anaazima. Ndugu yangu angelipa milioni 70, binamu angekuwa na nyumba, na mimi ningekuwa Lobule nikipalilia mtama na dhamiri safi.

Sasa, Mheshimiwa, utasema kuna sheria. Nimetafuta. Mpima ardhi anasajiliwa, wakili anasajiliwa, kamati ya ardhi inateuliwa, bodi ya wilaya inateuliwa. Dalali wa nyumba nimemkuta kwenye Sheria ya Kupambana na Utakatishaji Fedha ya mwaka 2013, kwenye jedwali moja na wenye kasino, akitakiwa kutoa taarifa za fedha zenye mashaka. Nilifurahi kuona mahali serikali ilipomweka. Lakini leseni yake, kiapo chake, mtu wa kumshitakia akinila? Wenzetu Kenya wana sheria ya mawakala wa nyumba tangu mwaka 1984, na bodi ya kuwaandikisha. Siwasifu kupita kiasi, kwani Nairobi nako watu wanalia na ploti hewa. Lakini angalau wanajua mlango wa kwenda kulilia.

Sisemi dalali hana kazi. Yule wangu alileta wateja ambao mimi na bango langu la “Nyumba inauzwa” tusingewaona hata likifutika kwa mvua. Anajua nani anauza kwa shida ya hospitali na nani kwa ugomvi wa mirathi. Kutoka Koboko mpaka ofisi ya kanda ya wizara yako iliyoko Arua ni safari ya kilomita 50 na zaidi, na mkulima akifika huko hajui dirisha lipi ni lipi. Dalali anajua mpaka jina la mlinzi. Kazi hiyo ina thamani yake, nami kulipa nipo tayari. Ninachotaka ni kulipa mara moja, kiasi nilichotajiwa, kwa mtu ambaye jina lake na sahihi yake viko kwenye karatasi ileile yenye zangu. Bei aliyoambiwa mnunuzi iandikwe, wote wawili tuione. Kishika uchumba kiende benki, kisilale mfukoni mwake. Akila upande wangu, wa mwenzangu asiuguse. Na mbele ya kaburi aseme kaburi.

Ukiniambia ni magumu, nitakukumbusha kwamba hapa Lobule mwaka 2013 yalifunguliwa makazi ya wakimbizi kutoka Congo. Eneo lile lilikuwa ardhi ya kimila, lina koo na lina miti ya mipaka. Wazee waliketi na serikali, wakatoa ardhi, watu wakapata pa kujenga na pa kulima. Hakuna aliyelipa pesa ya kuona. Hakuna ploti ya tatu iliyotokea upande wa choo. Sijui dalali alikuwa wapi siku hiyo. Nadhani hakupata habari, ikiwa ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Huku nikisubiri majibu, natumia nafasi hii kutangaza: nyumba ipo Koboko, vyumba vitatu na sebule, ploti mbili kamili kwa futi za fundi. Lami iko mwendo wa robo saa kwa miguu. Umeme unaonekana. Kaburi la shangazi liko mashariki na halihamishwi. Mke wangu yupo na atatia sahihi mwenyewe. Milioni 60, mazungumzo yapo, kwa Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili. Mwenye kutaka aje mwenyewe, asubuhi, kabla dalali hajasikia.

Wako mtiifu,
Mwuza nyumba,
Lobule, Koboko.