Shetani wa Basel Hapewi Hata Kahawa

Shangazi,

Nawasalimu wote hapo Michenga, Ifakara, pamoja na wale watakaojifanya hawasikii wakati barua hii inasomwa. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa ndani ya tramu, hedifoni nimeziacha nyumbani, na ulipofika pale unapomwigiza Katekista akifoka, abiria wawili waliokaa mbele yangu walihama viti. Lakini kesi nimeielewa. Mwenye kibanda umiza kaonyesha filamu ya kutoa mashetani. Watoto wa kipaimara wamekimbilia huko badala ya kwenda mafundisho. Katekista kaja juu. Mwenye banda kajitetea kwamba mle ndani mna padri, msalaba na maji ya baraka, kwa hiyo hayo nayo ni mafundisho, tena ya bei nafuu. Jumuiya imegawanyika. Sasa mnataka mimi niamue, eti kwa kuwa naishi huku walikotoka mapadri.

Shangazi, mamlaka hayo sina. Mji huu wa Basel unaijua Ifakara kwa mbu. Tangu profesa wao Rudolf Geigy alipofungua maabara hapo miaka ya 1950, watu wa huku wanakwenda kuchunguza mbu wa Kilombero, na wa kwetu wanakuja huku kueleza walichokichunguza. Ukisema unatoka Ifakara unaulizwa habari za malaria. Za mashetani hajawahi kuniuliza mtu.

Halafu filamu yenyewe siyo ya huku, ni ya Marekani. Inaitwa The Exorcist: Believer, ya mwaka 2023, imeongozwa na David Gordon Green. Ilipangwa itoke Ijumaa ya tarehe 13 Oktoba, siku ambayo wazungu wanaiogopa, ili kuongeza kitisho. Kisha mwanamuziki Taylor Swift akatangaza kwamba filamu ya tamasha lake inatoka siku hiyohiyo. Wenye shetani wakaisogeza yao nyuma, ikatoka tarehe 6. Mwambieni Katekista asihangaike sana na shetani wa namna hiyo: binti mwenye gitaa alimtoa kwenye kalenda bila hata kufunga.

Mimi niliitazama ilipotoka, hapa hapa Basel, kwa tiketi ambayo bei yake hapo nyumbani ingenunua kama debe la mchele. Tulikwenda wanne tunaofanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee. Mmoja ni mama wa Bukavu, mlokole. Mwingine ni kaka wa Tanga, Mdigo, swala tano. Wa tatu ni kijana Mswisi ambaye hana dini ila anapanda milima. Na filamu ilikuwa imetiwa sauti za Kijerumani, yaani shetani alizungumza lugha ya barua za kodi ya nyumba. Mimi niliogopa kabla hajafanya lolote.

Mama wa Bukavu alikuwa na chupa ya mafuta ya upako kwenye mkoba. Wasichana wawili wa kwenye filamu, Angela na Katherine, wanaingia msituni kumwita marehemu mama yake Angela, wanapotea siku tatu, wanarudi siyo wao. Basi mmoja alipogeuza macho tu, mama yetu akaanza kukemea. “Shindwa! Toka!” Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kifaransa, mwisho akajaribu Kijerumani cha kazini, ambacho msamiati wake wote ni wa kuogesha wazee, kwa hiyo nadhani alimwamuru pepo anyanyue mkono wa kushoto. Mswisi alikuwa anacheka na bisi mdomoni. Watu wa mstari wa nyuma walitusihi tunyamaze, kwa adabu kubwa, jambo lililomkasirisha mama kuliko pepo.

Aliyenivutia ni yule wa Tanga. Alikaa kimya muda wote, mikono kifuani, mithili ya fundi seremala anayetazama kiti alichotengeneza mtu mwingine. Tulipotoka nikamwuliza ameionaje. Akasema, “Hawajui kazi. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza pepo anatoka wapi na anataka nini.”

Shangazi, hapo ndipo nilipokubaliana naye, na ndiyo hoja yangu yote katika kesi hii. Huko pwani pepo ni mtu wa kuzungumza naye. Anapungwa kwa ngoma na ubani, anapanda kichwani, anatajwa jina na kabila, kisha anadai chake. Ruhani ni Mwarabu na Muislamu, anataka marashi na usafi. Rubamba ni wa Pemba. Kibuki anatoka Bukini, ni Mkristo, na anataka brandi. Siyo soda, brandi. Akipewa mnaelewana, pengine anabaki kuwa mkwe wa familia. Hata upande wetu, ng'ambo ya mto, mnakumbuka habari za Bibi Kalembwana wa Ihowanja, namna watu walivyomiminika kwake kunyolewa uchawi. Mtafiti mmoja Mwingereza, Maia Green, aliishi Ulanga na mwaka 2003 akatoa kitabu kizima kuhusu mapadri, wachawi na mambo hayo. Jambo zuri la kule ni kwamba ananyolewa mtuhumiwa na ananyolewa aliyemtuhumu. Wote mnarudi nyumbani na vipara, hakuna wa kumcheka mwenzake. Kanisa halikufurahi, lakini angalau kesi ilisikilizwa pande mbili.

Sasa katika Believer hakuna kusikilizana. Inaundwa kamati. Yumo mchungaji wa Kibaptisti, yumo mhubiri wa Kipentekoste, yumo mama wa dawa za mizizi, yumo muuguzi jirani ambaye zamani alitaka kuwa sista. Padri naye kaomba kibali kwa wakubwa wake, kanyimwa. Hii ya kibali ni kweli tupu: sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, inakataza padri kumpunga mtu bila ruhusa ya askofu. Basi kikawa kikao cha harusi hasa: kila mjumbe kaja na ajenda yake, hakuna mwenyekiti, na padri kaingia amechelewa. Kaingia bila kibali, pepo kamgeuza shingo, uso ukatazama mgongoni. Mswisi akasema hapo ndipo filamu ilipopata maana kuhusu kufuata taratibu.

Yule mama wa filamu ya kwanza ya The Exorcist, Ellen Burstyn, karudishwa baada ya miaka 50, akaja kutobolewa macho. Nilimwonea huruma kwa safari hiyo. Wahakiki nao hawakuipenda. Kampuni ilikuwa imelipa, kama ilivyoripotiwa, dola milioni 400 kupata haki za kutengeneza filamu tatu. Baada ya hii Green akaachana nazo.

Lakini ile ya kwanza, Shangazi, ya William Friedkin, hiyo ni filamu. Ilitoka siku moja baada ya Krismasi ya 1973. Watu walizimia na kutapika ukumbini. Uingereza baadhi ya halmashauri ziliipiga marufuku, wajanja wakakodi mabasi kuwapeleka watu mji wa jirani wakaione. Kwa hiyo mwenye banda wenu ni wa kizazi kirefu. Tena mfikishie hii, itamsaidia: mmoja wa mapadri wa filamu ile, William O'Malley, alikuwa Mjesuti wa kweli. Na Padri Gabriele Amorth, mpunga pepo maarufu wa Roma aliyefariki mwaka 2016, aliisifu. Lakini mwaka 2023 Russell Crowe alipomwigiza yeye Amorth akizurura na pikipiki, chama cha mapadri wapunga pepo, ambacho Amorth alishiriki kukianzisha, kiliipinga filamu hiyo. Unaona? Hata wenye kazi yao hawakubaliani kuhusu hizi filamu, sembuse jumuiya ya Michenga.

Kuhusu mtafsiri wa kibandani, huyo anayejiona Lufufu mpya. Watoto wanasema padri alimwambia pepo, “Toka kabla sijaita mgambo.” Nathibitisha kwamba maneno hayo hayamo. Ila namwunga mkono. Ni ya maana kuliko mengi yaliyomo.

Kilichonifanya niandike usiku huu badala ya Jumapili ni mwisho wa ujumbe wako, pale uliposhusha sauti: kwamba mtoto wa jirani kaanza kuanguka na kutoa povu, na watu wanasema ni ile filamu imemwingia. Hapo mniache nisicheke kidogo. Hapa jirani, Ujerumani, alikuwepo mwanafunzi aitwaye Anneliese Michel. Alikuwa akitibiwa kifafa. Kuanzia mwaka 1975 mapadri wawili, kwa kibali cha askofu, walimfanyia ibada ya kupunga mara 67, akaacha kula, akafa Julai 1976 akiwa na miaka 23. Wazazi na mapadri walitiwa hatiani mwaka 1978. Ndiyo filamu ya Emily Rose ya 2005, ambayo naamini nayo itafika kibandani.

Sisi ndio tusiotakiwa kufundishwa hili. Mahenge, ng'ambo tu ya daraja, wenye kifafa walitengwa hadi kwenye chakula na sahani, wakaungua motoni watu wakiogopa kuwagusa, mpaka daktari Mnorwei, Louise Jilek-Aall, alipofungua kliniki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vidonge tu. Wengi kuanguka kwao kulipungua. Siku hizi wataalamu wanahusisha ugonjwa ule na minyoo inayoenezwa na visubi wa kwenye mito. Visubi, Shangazi. Hawana Kilatini wala hawageuzi shingo.

Kwa hiyo kesho asubuhi mtoto apelekwe Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Akianguka tena mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimwagie maji. Katekista aje kumwombea, hakuna ubaya, ila amwombee foleni ya daktari wakiwa hukohuko. Na akipewa dawa asiziache kwa sababu wiki mbili hajaanguka.

Nataka kuwaambia pia kuhusu kitabu cha ibada cha zamani cha Roma, cha mwaka 1614. Yule wa Tanga nilipomsomea alipiga meza kwa furaha. Kumbe kinamwagiza padri amhoji pepo: jina lake nani, wako wangapi, na waliingia saa ngapi. Filamu nzima, fedha zote zile, na swali la mahojiano limo kitabuni miaka mia nne.

Nauli ya kwenda hospitali nimeituma kwenye simu ya Mjomba. Akisema haijaingia, mtafuteni kilabuni, mwulizeni jina lake, wako wangapi, na waliingia saa ngapi.