Nitangazeni Hifadhi ya Taifa

Naomba serikali initangaze mimi hifadhi ya taifa. Sihitaji eneo kubwa. Kiwanja changu hapa Kakontwe, Likasi, kinatosha, pamoja na mwembe na choo.

Wazo hili limetoka kwa shemeji yangu wa Lubumbashi, kaka wa mke wangu. Amerudi kutoka Mahale, na Likasi nzima sasa inajua kwamba amerudi kutoka Mahale. Kwa yule ambaye bado hajakamatwa akaonyeshwa picha: Mahale ni rasi ya milima na misitu inayoingia Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, karibu mkabala na Kalemie yetu. Ukisimama ufukweni kule anga likiwa safi, unaiona milima ya Kongo. Usidhani basi mtu wa Kalemie anavuka tu. Apande kwanza hadi Kigoma agongewe muhuri, halafu ateremke tena kusini kwa boti, zaidi ya kilomita 100, maana ndani ya hifadhi hakuna barabara, ni kutembea kwa miguu. Shemeji alitoa dola ili anyeshewe, ateleze kwenye matope, aumwe na siafu na alale bila umeme. Nikamwambia angenipa mimi nusu ya hizo dola, ningempatia yote hayo hapahapa. Hakucheka.

Niliendelea kununa mpaka alipofika kwenye masharti ya kuwatazama sokwe wa huko. Hapo nikaweka kikombe chini.

Kumbe sokwe wa Mahale hatembelewi ovyo! Wageni hawazidi sita kwa mara moja. Wanakaa naye saa moja tu. Ikiisha wanaondoka, hata kama ndiyo kwanza ameanza vituko. Wanasimama mita 10 kutoka alipo. Pua na mdomo vimefunikwa barakoa, kwa sababu mwaka 2006 mafua yaliingia katika kundi yakaua sokwe kadhaa, na waliopelekewa lawama ni binadamu. Aliyeamka anakohoa anabaki kambini. Na ni marufuku kula mbele ya mwenyeji.

Sasa nitazame mimi. Nimevuta vumbi la chokaa miaka yote, na hakuna mgeni aliyewahi kuvaa barakoa kwa ajili ya mapafu yangu. Shemeji mwenyewe alikuja kunisimulia masharti hayo akiwa na mkewe, watoto, mama mkwe, na kijana mmoja ambaye hadi leo sijaelezwa ni ndugu wa nani. Kijana huyo ana kikohozi. Anakohoa akielekea kwenye sombe. Wazee wetu waliliona hili zamani: mume na mama mkwe hawakukalia mkeka mmoja wala hawakula pamoja. Siku hizi mama mkwe amekalia kiti changu, na bukari anakatia kwenye sahani iliyo mbele yangu.

Wageni wanaokuja kwa sababu ya Kakontwe yenyewe ni wanajiolojia. Mawe yetu ya chokaa wameyaandika kwa jina la Kakontwe katika vitabu vyao, na jina hilo wanalitumia hadi ng'ambo kule Zambia. Hao ndio wageni. Wanagonga jiwe kwa nyundo, wanatia kipande mfukoni, wanakwenda zao. Sijamsikia hata mmoja akiuliza kama kuku ameiva.

Shemeji hakujua kwamba kila neno lake linanipa silaha. Akasema watafiti wa Kijapani, akina Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walifika Mahale mwaka 1965, wakawazoesha sokwe kwa kuwapa miwa na ndizi. Mwaka 1987 wakaacha. Chakula cha bure kikaisha, kila mmoja akajitafutie msituni. Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama sufuria.

Mwaka huohuo, akaendelea, jike mmoja aitwaye Chausiku alikuwa mgonjwa. Akaonekana akivunja tawi la mjonso, ule mmea mchungu ambao Watongwe wa huko huutumia kama dawa, akatafuna kiini cha tawi hilo, na kesho yake akawa mzima. Nilimhusudu sana Chausiku. Mimi nikisema tu kichwa kinauma, ndugu wanapanda gari kuja kuniangalia, na mgonjwa hawezi kuangaliwa na watu wenye njaa.

Basi jioni, bakuli la kapenta lilipoanza kuzunguka kwa mara nyingine, nikasimama nikawatangazia kwamba saa moja imekwisha. Nikawashukuru kwa kutembelea hifadhi. Nikamwomba kijana wa kikohozi asogee mita 10, yaani kwa jirani.

Kimya. Watoto walianza hata kutafuta viatu.

"Shemeji," akasema yule msafiri, bila kuacha kutafuna, "hayo masharti ya saa moja ni ya watalii. Watafiti wanakaa kutwa. Wenzetu wako pale tangu 1965."

"Na sisi si watalii," mkewe akadakia.

Mama mkwe akanawa mikono taratibu, akauliza hao watafiti kule hulala wapi.

Mke wangu alikuwa ameshaondoka kwenda kubadilisha mashuka ya kitanda chetu.