Rimu Nne, Ubishi Mmoja

Aliyeanzisha yote ni kijana wa kituo cha mafuta. Alipomaliza kunijazia alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama IST yangu kwa heshima, akasema, "Bosi, hizi rimu rangi nyeusi umepiga wapi? Imekaa poa." Nikamshukuru, nikaondoka. Rimu zangu ni za rangi ya fedha.

Nilipofika nyumbani nilichuchumaa, nikafuta moja kwa kidole. Fedha ilikuwepo, chini kabisa, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni kwa kuni. Miaka mitatu nilikuwa nazilaumu barabara za Goba, kumbe mkosaji alikuwa mguu wangu wa kulia. Fundi mmoja wa kung'arisha magari pale Mwenge ndiye aliyenifungua macho. Kila ukikanyaga breki, pedi husugua diski, na unga wa chuma unaosagika hurukia rimu na kung'ang'ania. Ukipata maji, unaota kutu palepale. Ukiosha kwa sabuni ya unga unaondoa tope tu, chuma kinabaki na hati miliki yake.

Dawa, akasema, ni kuzipaka seramiki. Usifikirie vigae vya bafuni. Ni kimiminika chenye silika, jamaa ya mchanga na kioo, ambacho kikikauka huacha utando mwembamba, mgumu. Uchafu unakosa pa kushika, na maji yanajikunja matone na kuteleza kama kwenye jani la gimbi.

"Bei gani?"

"Laki moja na themanini, zote nne, ndani na nje. Unaacha gari leo, unachukua kesho."

"Na chupa yenyewe ni ipi?"

Akanionyesha. Mililita 30. Chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto ingeicheka.

Hapo ndipo ubishi uliponipanda. Laki na themanini kwa kupaka? Mimi nimepaka mafuta watoto watatu, wote wakilia na kukimbia. Rimu haikimbii. Nikaketi na karatasi: chupa 60,000, dawa ya kuyeyusha chuma 40,000, vitambaa laini 10,000, spiriti 8,000, brashi 7,000. Jumla 125,000, faida 55,000. Mke wangu akaisoma hesabu ile kimya, kisha akauliza swali moja tu: "Baba watoto, mgongo wako umeuandika mstari gani?"

Jumamosi saa nne asubuhi nikatoa jeki. Nikainua gari upande wa mbele, nikashika wili spana, nikazungusha nati. Gurudumu zima likazunguka nayo. Nikazungusha tena, tukazunguka wote. Mzee jirani, aliyekuwa kibarazani na kahawa yake, alistahimili mizunguko mitatu ndipo akasema kwa upole, "Mwanangu, nati hulegezwa tairi likiwa bado chini."

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa kukosa jingine la kusema. Nikashusha gari. IST yangu ina nati nne kila tairi, yaani kumi na sita kwa jumla, na zangu zote zilikuwa zimekazwa na mtu aliyegombana na mkewe siku hiyo.

Nikapuliza dawa ya chuma. Dawa ile ikikutana na chuma hugeuka zambarau, na harufu yake ni ya yai viza. Majirani hawakuwa na habari hiyo. Mtoto wa nyumba ya pili akatimka akipiga kelele kwamba gari la anko linatoka damu. Mama wa nyumba ya nyuma akapiga simu kuuliza kama shimo letu la choo limefurika, na kama limefurika, tuchangie wote gari la maji taka.

Lakini nilipomwaga maji, jamani, fedha ikatoka! Zile rimu zilimeta kama siku zilipotoka kiwandani. Laiti ningeishia hapo.

Maelekezo ya chupa yanataka kivuli na rimu iliyopoa. Unafuta mafuta yote kwa spiriti, unapaka, unasubiri dakika moja au mbili mpaka rangi za upinde wa mvua zijitokeze, kisha unafuta bila kuchelewa. Mimi nilikuwa na jua la saa saba na mwembe wa jirani ambao kivuli chake siku hiyo kilibaki kwao. Rimu ya kwanza ilipoanza kutoa upinde wa mvua, simu ikaita. Ni mjomba, na mjomba haambiwi "nitakupigia". Tulianza na mke, tukaenda kwa watoto mmoja mmoja, tukapitia mvua, tukamalizia kwa ng'ombe aliyezaa. Nilipokata simu, seramiki ilikuwa imeshaganda kwa mabaka, mithili ya ukuta uliovuja.

Rimu ya pili niliiwahi. Bodaboda naye akaiwahi. Alipita kwa kasi, wingu likatua juu ya utando mbichi, na vumbi la Goba likahifadhiwa kitaalamu. Ya tatu nilisahau spiriti. Ya nne ilitoka vizuri, nikaita familia nzima kuishuhudia. Usiku ikanyesha, na seramiki mbichi haitakiwi kuguswa na maji karibu siku nzima.

Jumatatu nikarudi Mwenge. Fundi hakucheka. Alipitisha kidole gumba juu ya mabaka, taratibu, kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa.

"Hii haifutiki tena kwa kitambaa, bosi. Ni kuisugua yote itoke, ndiyo tupake upya. Laki mbili na ishirini."

"Si ulisema laki na themanini?"

"Hiyo ni ya kupaka. Arobaini ni ya kupakua."

Nikafungua mdomo nianze kupatana, akaniwahi: "Rimu zangu za kwanza kupaka zilikuwa za shemeji. Mpaka leo tunasalimiana kwa simu tu."

Nikaufunga mdomo. Kumbe siku zote nilikuwa napiga hesabu ya chupa, na mwenzangu alikuwa ananiuzia makosa ambayo alishayamaliza kwenye gari la mtu mwingine. Mimi ya kwangu ndiyo kwanza nilikuwa nayaanza, na kwa bei ya jumla: 345,000.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chupa ilikuwa na matone yaliyobaki. Jioni moja, jua limeshazama na simu nimeizima, nikatoa spea tairi, kile kigurudumu chembamba cha chuma kilicholala chini ya zulia la buti. Nikakiosha, nikakifuta kwa spiriti, nikapaka kidogo kidogo, nikasubiri, nikafuta. Hakuna baka hata moja. Maji yakidondoka juu yake yanakimbia.

Ndiyo rimu nzuri kuliko zote kwenye gari langu, na inaishi gizani. Wageni wakija huwa nawafungulia buti. Na barabarani, nikiona msumari mbele, nakiri, siku hizi sihangaiki sana kuukwepa.